Nalipwa ili Kazi Yangu Isionekane: Je, Niiache?

Kwako Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Umoja, hapa Nairobi. Mimi ni binti wa miaka 29, na kwa miaka mitatu na nusu nimekuwa nikifanya kazi ya madoido ya picha katika studio ndogo inayopokea vibarua kutoka studio kubwa za ng'ambo, hasa vya tamthilia za televisheni za bunilizi ya kisayansi. Niliipenda kazi hii nikiwa kidato cha pili, siku nilipotambua kwamba mji wenye minara inayoelea mawinguni niliokuwa nikiutazama kwa jirani haukuwapo popote duniani, na kwamba kuna mtu aliyeketi mahali fulani akaujenga dirisha kwa dirisha. Nilitaka kuwa mtu huyo.

Badala yake nimekuwa mkataji. Kutwa nafuata kingo za mabega, vidole na masikio ya waigizaji, fremu baada ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, ili mtu mwingine katika nchi nyingine aweze kumtenga mwigizaji na ukuta ulio nyuma yake, kisha amwekee sayari au dirisha la chombo cha angani. Mwezi wa Machi nilikaa siku nne na nusu juu ya nywele za mwigizaji mmoja aliyegeuza kichwa mara moja tu. Fremu zilikuwa 143, yaani sekunde zisizotimia sita. Kazi iliporudi ilikuwa na agizo la mstari mmoja: ukingo wa sikio unatetemeka kuanzia fremu ya 61 hadi ya 70.

Sikukuu ya Pasaka nilikwenda nyumbani Machakos kumwonyesha Baba, ambaye ni mwalimu mstaafu, sehemu moja ya tamthilia niliyoifanyia kazi. Nilikuwa nimefuta kamba iliyomning'iniza mwigizaji ili aonekane anaelea bila uzito. Nikasimamisha picha nikamwambia, "Pale, Baba." Akavaa miwani, akasogea, akasema, "Mimi sioni kitu." Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, asione. Tukangoja majina mwishoni, lakini hata sekunde tano hazikupita programu ikarukia sehemu inayofuata, na nilipoirudisha tulikuta jina la studio iliyotupa kibarua, bila jina la studio yetu wala langu. Baba akavua miwani akaniuliza, "Kwa hivyo unalipwa ili usionekane?" Hakusema kwa ubaya, lakini swali hilo halijanitoka.

Zaidi ya hayo, hata hayo malipo ni ya kusuasua. Mwezi mzuri napata shilingi 90,000. Mwezi mbaya napata 40,000 na kodi ya nyumba inanishinda. Mwaka huu tulikaa wiki saba bila kibarua, nikamwomba landilodi anivumilie kodi mara mbili. Studio inanidai uvumilivu na mimi naidai shilingi 118,000. Sasa kituo kimoja cha televisheni hapa mjini kimeniahidi ajira ya kutengeneza michoro ya taarifa za habari: mshahara wa 65,000 kila mwezi, bima ya afya, na jibu wanalitaka kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa mshahara huo nitalipa kodi kwa wakati, lakini nitakuwa nachora ramani za mvua na asilimia za kura.

Je, nikubali, au nitakuwa nimeizika ndoto yangu? Rafiki yangu ananishauri nichukue mkopo wa milioni moja na laki mbili nikasome ng'ambo mwaka mmoja. Mwingine ananiambia nisijisumbue kwa kuwa akili unde itaikata mikono yetu sote. Na kweli, nina miaka 29, je, sijachelewa?

Mkata Kingo,
Umoja, Nairobi

---

Binti yangu Mkata Kingo,

Nianze na lile lenye tarehe: ikubali ajira ya kituo, na uikubali kabla ya hiyo Ijumaa. Sisemi hivyo kwa kuidharau ndoto yako. Katika barua yako umeitaja kodi ya nyumba mara tatu, na mtu anayemkwepa landilodi ngazini hana utulivu wa kujenga mji unaoelea mawinguni. Lakini usitie sahihi kabla ya kusoma kifungu kinachohusu kazi utakazozibuni ukiwa mwajiriwa. Mikataba mingine humpa mwajiri haki ya kila utakachokichora, hata ukichorea jikoni kwako usiku wa manane. Omba iandikwe wazi kwamba kazi unayoifanya nje ya saa za zamu, kwa kompyuta yako mwenyewe, ni mali yako. Wakikataa, niandikie tena, kwa maana hapo ushauri wangu utabadilika.

Wala usiidharau michoro ya habari. Nilikuwa mhariri wa picha katika kituo kimoja cha hapa mjini miaka ya tisini, na jioni moja tuliamua kumweka mtangazaji wa kipindi cha watoto mbele ya nyota. Tulinunua kitambaa cha kijani Biashara Street, maana mashine huondoa kila penye kijani na kuweka picha nyingine, tukakipiga pasi, tukapanga taa, tukajiona mabingwa. Mtangazaji akaja amevaa tai ya kijani. Kwa dakika nzima, hewani, nyota zilimetameta katikati ya kifua chake huku akiwaeleza watoto habari za mbwa mwitu. Nilichojifunza dakika ile kuhusu rangi, mwanga na saa isiyosubiri hakuna aliyenifundisha darasani. Chumba cha habari kitakudai picha kamili saa moja kasoro dakika kumi, kila siku, na televisheni ya bunilizi ya kisayansi nayo, tofauti na sinema, imeishi daima kwa ratiba ya kufukuzana na wiki.

Sasa nije kwenye kiini. Swali la baba yako limekuchoma mahali pasipo na jeraha. Kazi yako kutoonekana si aibu. Kamba ikionekana ndipo penye aibu. Kinachokosekana ni kingine, nacho hukukitaja: katika miaka mitatu na nusu hujamaliza picha hata moja iliyo yako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Umegusa picha mia kadhaa na huna hata moja. Ndiyo maana ulipomwonyesha mzee, ulimwonyesha pengo.

Watu waliojenga fani hii kwenye televisheni hawakuanza na mashine kubwa, na wengi wao walitatua picha nzima, si kipande chake. Watayarishaji wa tamthilia ya Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1966, hawakuwa na fedha za kuonyesha chombo kikitua kwenye sayari mpya kila wiki, ndipo wakabuni njia ya wahusika kuyeyuka kwa mmeto hapa na kutokea kule. Mmeto ule ulikuwa unga wa aluminiamu uliopigwa picha ukianguka mbele ya giza, katikati ya mwali wa taa. Miongo miwili baadaye, tamthilia iliyofuata ya jina hilo ilipoanza mwaka 1987, Rob Legato aliupata mmeto mpya kwa kukoroga vimetameta ndani ya chombo cha maji. Bwana huyo baadaye alipata tuzo tatu za Oscar kwa kazi za sinema. Mwenzake Dan Curry aliingia katika kazi ile na ujuzi wake wa uchoraji na wa mapigano ya Asia, na silaha ya Waklingoni, viumbe wapiganaji wa tamthilia hiyo, yenye umbo la mwezi mchanga, ambayo mashabiki huitambua hata ikiwa kivuli, ni yeye aliyeibuni. Kisha mwaka 1993 Ron Thornton na wenzake wakatengeneza vyombo vya angani vya Babylon 5 kwa kompyuta za Amiga, zile ambazo watu walikuwa nazo sebuleni, wakati ambapo wengi katika televisheni bado walitegemea vinyago vya plastiki vilivyopigwa picha kwa kamera ya reli. Sehemu ya kwanza ya tamthilia hiyo ilipata tuzo ya Emmy ya madoido. Nakutajia haya kwa sababu kompyuta unayoitumia kukata nywele za watu, hata iwe ya mtumba, ina nguvu kuliko zile Amiga zao zote zikiwekwa pamoja.

Kuhusu akili unde, rafiki yako hajakudanganya kabisa. Kukata kingo ni miongoni mwa kazi ambazo programu zinazidi kuziweza, na kila mwaka mtu wa kukata tu atapungukiwa na vibarua. Hata hivyo jicho lililofunzwa kuona sikio likitetemeka kutoka fremu ya 61 hadi ya 70 ndilo jicho linalohitajika katika hatua inayofuata, ile ya kuunganisha tabaka, ambapo mwigizaji, sayari, moshi na mwanga huwekwa pamoja mpaka mtazamaji akaamini vilikuwa mahali pamoja siku moja. Hamia huko. Programu ya Blender, ya kuunda vitu kama vyombo vya angani kwa kompyuta, ni ya bure, na Nuke, ambayo studio nyingi huitumia kuunganisha tabaka, ina toleo la bure kwa mtu anayejifunza bila kuuza kazi. Huhitaji milioni moja na laki mbili ili kuanza.

Na mkopo huo usiuchukue. Fani hii ina kawaida mbaya ya kuangusha hata majumba makubwa. Studio ya Rhythm & Hues ya Marekani iliomba ulinzi wa kufilisika Februari 2013, siku chache kabla ya kazi yake katika filamu ya Life of Pi kushinda Oscar. Mwaka 2023 mgomo wa waandishi na ule wa waigizaji huko Marekani ulisimamisha uzalishaji kwa miezi, na vibarua vikakauka dunia nzima. Februari 2025 kampuni ya Technicolor, iliyomiliki studio za madoido za MPC na The Mill, iliporomoka, na mafundi waliokuwa na uzoefu wa miaka ishirini wakajikuta mtaani. Ukirudi na cheti na deni katika soko la namna hiyo, utakata kingo zile zile kulipia riba.

Sasa nakupa kazi, na hapa naomba unisome polepole. Tengeneza picha moja ya sekunde tano, moja tu, na ujipe miezi mitatu ya jioni na Jumamosi. Usijenge mji wa mawinguni wa watu wengine. Sisi tuna anga letu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei kutoka angani, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu. Fikiria kwamba shughuli ile haikukoma, na kwamba leo chombo kinachotoka pwani kinapita juu ya Umoja asubuhi, watoto wakienda shule, na hakuna anayeinua kichwa kwa sababu wamekizoea. Hiyo ni bunilizi ya kisayansi, na sehemu ngumu zaidi, yaani mtaa, tayari umeipata bila malipo.

Panda juu ya paa la ploti yenu kabla ya saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa upande mmoja. Tumia kamera ya simu ukiwa umeiweka kwenye tripodi, na umalize picha ya kamera iliyotulia kabla ya kujaribu kamera inayotembea. Andika kwenye daftari saa, urefu wa lenzi, kimo cha kamera kutoka sakafuni na umbali hadi tangi la maji la jirani, uliopimwa kwa futi kamba na wala si kwa macho. Kisha chukua upawa wa chuma unaong'aa, uushike mgongo wake ukitazama kamera mahali unapotaka mwanga wa chombo ufanane na wa mtaa, uupige picha. Studio kubwa hutumia mpira wa chuma kwa kazi hiyo, lakini mgongo wa upawa nao utakuonyesha jua liko wapi, anga lina rangi gani, na mabati yanarudisha mwanga kiasi gani. Utakaporudi kwenye kompyuta hutabahatisha taa za chombo chako. Utaziweka pale upawa ulipokwambia.

Kosa nililoliona mara nyingi zaidi kwa wanagenzi ni weusi. Mtu hutengeneza chombo kizuri, akakiweka mbali juu ya majengo, na vivuli vyake vikabaki vyeusi kama makaa, ilhali jengo lililo umbali huo huo limefifia kuwa la kijivu kwa vumbi na moshi wa Nairobi. Mtazamaji hajui kosa liko wapi ila anajua amedanganywa. Kwa hiyo pima weusi wa jumba la mbali katika picha yako, uufanye weusi wa chombo ulingane nao. Baada ya hapo utie chembechembe zile zile zilizomo kwenye picha ya simu, kwa kuwa chombo kisafi kuliko anga lake kitaonekana kimebandikwa.

Sekunde tano kwa fremu 25 ni fremu 125. Ukichukulia kompyuta inatumia dakika 20 kukokotoa kila moja, hizo ni zaidi ya saa 41, na mtaani kwako stima haina ahadi ya saa 41. Usiruhusu programu ikuandikie faili moja ya video. Agiza ihifadhi kila fremu kama picha yake, ili stima ikipotea kwenye fremu ya 97 uanzie ya 97. Najua mtu aliyepoteza wikendi mbili mfululizo kwa kulijua hilo kwa kuchelewa. Alikuwa mimi.

Picha ikimalizika, tengeneza na toleo linaloonyesha tabaka zake zikiingia moja baada ya nyingine: mtaa mtupu, chombo bila rangi, mwanga, ukungu, chembechembe. Hilo ndilo litafungua mkusanyiko wako wa kazi, ambao nakushauri usizidi dakika mbili. Kuhusu zile kazi za ng'ambo, bila shaka ulitia sahihi hati ya kutunza siri, kwa hiyo usizionyeshe kwa kificho hata kwenye simu kwa rafiki. Mwombe msimamizi wako ruhusa kwa maandishi, ukitaja tamthilia ambazo tayari zimeonyeshwa. Baadhi ya studio hukubali zinapoombwa kwa adabu, na ndani ya mkusanyiko uandike hasa ulichofanya: "nilifuta kamba," basi.

Unapoondoka studio, usiziache zile 118,000. Waandikie barua ya madai yenye tarehe, orodha ya kazi ulizokabidhi na siku ya mwisho ya kulipa. Wakinyamaza, na ikiwa hukuwa mwajiriwa wao bali ulilipwa kwa kila kazi (migogoro ya ajira haisikilizwi humo), ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Siku nyingine mtu akikupa kibarua, ulizia malipo ya awali, idadi ya marekebisho, na kama jina lako litaandikwa. Akiwa yuko Los Angeles, kumbuka kwamba sisi tuko mbele yake kwa saa 10 au 11 kulingana na majira, kwa hiyo marekebisho yake ya mchana yatakukuta usingizini. Na kwa kuwa asubuhi utakuwa na zamu kituoni, mweleze mapema saa utakazopatikana.

Umri nisiupotezee wino, hujachelewa. Usidhani pia kwamba hadithi za namna hii ni za wenyewe kule. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu ya dakika zipatazo ishirini kuhusu Afrika Mashariki iliyokauka maji, na mwaka 2023 Mkenya mwingine, Ng'endo Mukii, aliongoza Enkai, moja ya filamu kumi fupi za katuni za mkusanyiko uitwao Kizazi Moto. Zote mbili ni filamu fupi zilizokamilika.

Kuhusu mzee wako, sahau orodha ya majina. Desemba ukienda Machakos, mpelekee zile sekunde tano za paa la Umoja, umpe miwani yake, umwombe akuonyeshe kwa kidole ni kipi kilikuwapo asubuhi ile na ni kipi umekitia wewe. Ni mwalimu, atakubali mtihani. Akionyesha tangi la maji la jirani akasema hilo ndilo la kubuni, usimsahihishe haraka. Mwache airudishe picha nyuma aitazame tena.

Mshauri wako